Chemchemi Hutoa Usiku, Jua Hupandisha Mchana: Kisa cha Maji ya Nyumba Moja ya Mlimani, Usambara

Hiki ni kisa cha kupandisha maji ya chemchemi ya bondeni hadi nyumba iliyo juu ya mlima, nami nilikuwa fundi wake. Jina la familia na la kitongoji nimeyaacha. Vipimo ni vilevile nilivyoviandika kwenye daftari, pamoja na vile vilivyonitia aibu baadaye, kwa kuwa sehemu ya makosa yaliyomo humu ni yangu.

Nyumba na chemchemi yake

Nyumba iko Usambara Magharibi, wilaya ya Lushoto, kwenye mwinuko wa mita kama 1,400 hivi. Imekaa juu ya mgongo wa kilima, mahali ambapo wazee walipenda kujenga: upepo upo, mafuriko hayafiki, na adui zamani alionekana akija. Maji yako bondeni. Anakaa bibi wa miaka sabini na kitu, mkwe wake, na wajukuu wanne. Wana ng'ombe wawili wa maziwa wanaolishwa bandani, na bustani ya kabichi na karoti kwenye matuta chini ya nyumba. Kijana wa bibi anafanya kazi Dar es Salaam, na fedha zote za mradi huu zilitoka kwake kwa simu.

Chemchemi ina chemba ya mawe na saruji ya lita 1,000 hivi, iliyojengwa zamani, yenye bomba moja la kukingia. Kaya kumi na moja zinateka hapo, ya bibi ikiwa mojawapo. Kwa siku nyumba ya bibi ilipandisha madumu kumi hadi kumi na mawili ya lita 20, mengi kichwani kwa mkwe na wajukuu wawili wakubwa. Kwenda na kurudi ni dakika thelathini na tano kwa mtu mwenye magoti mazuri. Ng'ombe walishushwa kunywa bondeni, na bustani ilingoja mvua.

Umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, ulishafika kwenye nyumba. Kumbuka hilo, maana mimi nililisahau.

Pampu mbili kabla yangu

Mwezi wa nane kijana alituma fedha ya pampu ya umeme, ile ndogo ya juu ya ardhi inayotumika mijini kujaza tangi la ghorofani. Fundi aliifunga ukutani nyuma ya jiko, akatandaza bomba jeusi la plastiki hadi chemchemi, mita 210, akawasha. Pampu ililia siku nzima bila kutoa hata tone. Fundi akasema ni ndogo mno, inunuliwe kubwa zaidi.

Hata ingekuwa kubwa kama tingatinga isingetoa. Pampu haivuti maji kama kamba inavyovuta ndoo. Inapunguza hewa ndani ya bomba, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Pwani uzito huo unaweza kuinua maji mita 10.3 tu, tena kwa hesabu ya kitabuni. Kwa mwinuko wa Lushoto ni chini kidogo ya mita 9, na kazini, ukitoa msuguano na viungo vinavyoingiza hewa, ukipata mita 6 umepata. Nyumba ilikuwa juu ya chemchemi kwa karibu mita 50. Pampu lazima ikae chini, iyasukume maji kutoka huko.

Bahati nzuri duka lilikubali kubadilishana. Mwezi wa tisa ikaja pampu ya petroli ya inchi mbili, ikawekwa kando ya chemba. Safari hii maji yalipanda kweli. Wajukuu waliyafuata wakiweka masikio kwenye bomba, wakipiga kelele "yamefika mgombani! yamefika kwa jirani!" Kisha yakasimama. Injini ilinguruma, bomba limejaa, maji hayaendi mbele. Walipofungua kiungo katikati ya mteremko yalichuruzika kidogo. Walipofungua mita chache juu zaidi, kukawa kukavu.

Kibandiko cha pampu ile kiliandika kimo cha juu mita 30. Watu wengi husoma namba hiyo wakidhani pampu itawapelekea maji mita 30. Maana yake ni kwamba kwenye mita 30 pampu inashika maji yasirudi, basi. Mtiririko hapo ni sifuri. Ukitaka maji ya maana kutoka kwenye pampu ya mita 30, usiipe zaidi ya mita 20. Familia walikadiria mteremko kwa macho kuwa "kama mita thelathini hivi", na jicho la mtu anayepanda mlima kila siku hudanganya, kwa sababu ameshauzoea.

Nilivyopima

Niliitwa mwezi wa kumi na moja. Bibi alinipokea kwa chai na viazi, nikampa shikamoo, akanijibu marahaba na hapohapo akaniuliza: "Na wewe, mwanangu, umekuja kutuuzia pampu?" Nikamwambia nimekuja kupima kwanza. Akacheka, kwa dharau kidogo nadhani.

Kimo tulikipima kwa bomba lao wenyewe. Lilikuwa tayari limetandazwa kutoka bondeni hadi mahali pa tangi, mita kadhaa juu ya nyumba. Tulifunga geji ya presha upande wa chini, tukaziba, kisha tukalijaza maji kutoka juu kwa jagi na faneli hadi hewa yote ikatoka. Hilo la hewa lina kazi: ikibaki povu katikati, geji itasema uongo. Geji ilisimama kwenye baa 5.6. Baa moja ni mita 10.2 za maji, kwa hiyo kutoka chemchemi hadi mdomo wa tangi ni mita 57. Simu yangu, kwa setilaiti, ilinipa 44 asubuhi na 63 mchana. Kwa kimo siiamini simu tena.

Geji hiyohiyo ilitufichulia jambo la pili. Bomba lao lilikuwa daraja la PN6, yaani limetengenezwa kubeba baa 6. Likiwa limetulia tu, upande wa chini lilibeba 5.6. Ongeza msukumo wa pampu, ongeza kishindo cha maji pampu inapozimika ghafla na nguzo ya maji ikajaribu kurudi, na hapo unalala ukingoja lipasuke. Pampu ya petroli haikulipasua kwa sababu ilikuwa dhaifu.

Chemchemi tuliipima kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ilijaa kwa sekunde 100, ambazo ni lita 720 kwa saa. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mwezi wa kumi," akasema, "inakuwa kama kamasi la mtoto." Niliandika kwenye daftari: *msimu wa kiangazi hupungua*. Sikuandika kiasi gani, na sikumuuliza, maana vuli ilikuwa imeshaanza na mimi nilikuwa na namba nzuri mkononi.

Mahitaji tuliyahesabu kwa mkwe, ambaye ndiye aliyeyajua: watu lita 300 kwa siku maji yakiwa bombani (yakiwa kichwani walitumia chini ya hapo), ng'ombe 150, bustani 500, na akiba kidogo. Jumla 1,100.

Tulichoamua, na kwa nini

Nilizipiga hesabu njia tatu. Ya kwanza ilikuwa haidramu, pampu isiyo na injini, inayotumia maporomoko ya maji yenyewe kusukuma sehemu ndogo ya maji hayo juu. Ni kazi ya Joseph-Michel Montgolfier wa Ufaransa mwaka 1796, mmoja wa ndugu walewale wa puto la hewa ya moto, na mimi naipenda kwa sababu inapiga "tak, tak" usiku na mchana bila kumdai mtu senti. Lakini inahitaji maji mengi ili ipandishe machache. Kwa poromoko la mita 6 na kimo cha mita 60, hata ikifanya kazi vizuri inapandisha kama asilimia 6 ya kinachoingia. Kwa mtiririko wa Novemba ingetoa lita elfu moja na kidogo kwa siku. Chemchemi ikipungua nusu, na maji nayo yanapungua nusu. Niliiacha.

Ya pili ilikuwa umeme wa nyumbani, yaani kushusha waya hadi bondeni na kufunga pampu ya kuzamishwa. Ya tatu ilikuwa sola. Kijana wa Dar alitaka sola, "ya bure, mzee asihangaike na LUKU", yaani umeme wa kulipia kabla. Sikubishana. Laiti ningepiga hesabu ya LUKU siku ile: kupandisha lita 1,000 kwa kimo hicho, pampu ikila kama wati 440 kwa muda wa saa moja, ni chini ya nusu uniti. Kwa mahitaji yao yote ni karibu nusu uniti kwa siku. Hilo si la kumhangaisha mtu. Nilikuja kulihesabu miezi minane baadaye, nimekaa kwenye ukungu.

Tulichofunga mwezi wa pili ni hiki. Pampu ndogo ya kuzamishwa ya mkondo mnyoofu (DC, umeme kama wa betri), yenye rota ya skrubu, kwa kuwa aina hiyo hupandisha maji machache kwa kimo kirefu bila kulalamika. Ya kwetu ilitoa kama lita 1,000 kwa saa jua likiwa kali. Paneli tatu za wati 275 tuliziweka karibu na nyumba, juu. Bondeni jua halifiki hadi saa nne asubuhi, miti ya chemchemi haikatwi, na paneli zilizo mbali na macho hupata wenyewe wengine. Waya mnene ukashuka mteremko. Bomba la chini, mita 100 za kwanza, tulilibadilisha kuwa PN10, na lile PN6 tukalitumia juu, ambako presha imeshashuka. Hapo kijana aliokoa zaidi ya nusu ya gharama ya bomba. Valvu ya kuzuia maji yasirudi tuliweka mbili, moja juu ya pampu na nyingine katikati ya mteremko, ili kishindo kigawanyike.

Juu tuliweka simtanki la lita 2,000 ambalo familia walikuwa wameshalinunua. Mita 9 juu ya bafu hutoa karibu baa moja, na hiyo inatosha kuoga vizuri bila pampu nyingine. Ukishayapandisha maji mara moja, mlima unakugawia mwenyewe.

Pampu ilizamishwa moja kwa moja kwenye chemba ya zamani ya kitongoji. Nilimwomba ruhusa mwenyekiti, akaikubali kwa mdomo. Machi, Aprili, Mei: tangi linafurika, bibi amepanda michaichai kuzunguka bomba la kufurikia, mimi napigiwa simu za kushukuriwa.

Tangi lililoinama

Simu ya kwanza isiyo ya shukrani ilikuja mwishoni mwa masika. Tangi limeinama. Msingi wake ulikuwa kwenye ukingo wa tuta, nusu kwenye udongo uliokatwa na nusu kwenye udongo uliojazwa. Lita 2,000 ni tani mbili. Bomba la kufurikia lilikuwa linamwaga maji hapohapo kwenye mguu wa tangi, kwenye ile nusu iliyojazwa, juu ya mvua iliyokuwa tayari inanyesha. (Michaichai ilipendeza sana.)

Tulilimwaga, tukasogeza mita tatu ndani ya mlima, kwenye udongo uliokatwa tu, zege na nondo chini yake, na maji ya kufurikia yakapelekwa kwa bomba hadi bandani kwa ng'ombe. Siku mbili za kazi. Sina zaidi la kusema hapo isipokuwa kwamba sikupaswa kuhitaji kuliona likiinama.

Julai: ukungu

Wanaoijua Lushoto wanajua kipupwe chake. Kuanzia Juni hadi Agosti kuna siku ambazo ukungu unakaa juu ya migongo ya milima hadi mchana, unainuka kwa muda wa saa moja, unarudi. Paneli zilikuwa juu ya mgongo. Pampu ilipata nguvu ya kutambaa tu, na kwa siku kama hiyo tangi lilipata lita 300 hivi.

Mwaka ule ukungu ulikaa siku tisa mfululizo. Familia ilikuwa imeshazoea bomba. Bila bustani walitumia lita 800 kwa siku. Tangi lililojaa, likipungukiwa lita 500 kila siku, linakwisha siku ya nne, na siku ya nne ndiyo lilipokwisha. Siku ya tano madumu yakarudi kichwani. Mjukuu mmoja aliniambia kwamba kulibeba dumu baada ya kuzoea bomba ni kuzito kuliko zamani, na nikamwamini.

Oktoba: kikao

Ukungu uliikera nyumba moja. Oktoba iliwakera wote.

Mwishoni mwa Septemba chemchemi ilishuka, kama bibi alivyosema. Nilipokwenda kupima, ndoo ilijaa kwa dakika nne: lita 300 kwa saa. Pampu yangu, jua la Oktoba likiwa safi, ilitaka 1,000. Kuanzia saa nne asubuhi chemba ilikuwa tupu, pampu ikizimwa na kihisi chake, ikisubiri maji yajikusanye kidogo, ikiwaka, ikizimwa. Watoto wakitoka shule saa nane wanakuta bomba linakohoa. Mama mmoja aliondoa jiwe lililozuia waya wetu, akauvuta. Sitasema alikosea.

Kikao kiliitishwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mtendaji wa kijiji akaja. Bibi alikaa kimya mbele ya majirani aliokuwa ameteka nao maji tangu aolewe. Mtendaji aliuliza maswali mawili. Kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kiko wapi? Na je, fundi anajua kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, zisifanywe shughuli za kudumu au zinazoweza kukiharibu? Kibali hatukuwa nacho, na zege la kushikilia pampu nilikuwa nimelimwaga mita mbili kutoka kwenye jicho la chemchemi.

Pampu ikazimwa kwa amri ya kikao. Nililala kwa bibi usiku ule kwa sababu gari la mwisho lilikuwa limeondoka.

Saa tano usiku nilishindwa kulala, nikachukua tochi nikashuka bondeni. Kabla sijafika nilisikia maji. Chemba ilikuwa imejaa, na maji yalikuwa yanamwagika juu ya ukingo, yanaingia mferejini, yanakwenda zake mtoni. Nilikaa pale. Watu huteka asubuhi kuanzia saa kumi na mbili na jioni hadi saa moja. Chemba ikishajazwa saa nne usiku, lita 300 kwa saa zinamwagika hadi alfajiri. Saa nane mara 300 ni lita 2,400. Bibi alihitaji 1,100. Mchana watu walikuwa wakigombania maji ambayo usiku yaliwapita wote.

Kimo nilikuwa nimeshakimudu. Nilichokosa kuona ni saa. Chemchemi hufanya kazi saa ishirini na nne kwa mwendo mdogo, jua hufanya kazi saa tano kwa mwendo mkubwa, na watu huja kwa vipindi viwili. Tangi la juu linapatanisha jua na nyumba. Hakukuwa na tangi la kupatanisha chemchemi na jua.

Marekebisho

Asubuhi nilimchorea mwenyekiti kwa kijiti chini. Chemba ya zamani ibaki ya watu, pampu itoke humo kabisa. Juu ya ukingo wake, pale maji yanapofurikia, paanzie bomba linalopeleka mabaki tu hadi chemba mpya ya lita 3,000, mita 65 mbali, nje ya eneo la chanzo. Pampu inakula kinachobaki watu wakishashiba. Haiwezi kuchukua hata lita moja ya chemba ya zamani, hata mtu akitaka, kwa sababu maji hayapandi ukingo hadi chemba ijae. Hakuna zamu ya kulinda wala koki ya kubishania.

Jirani aliyekuwa amevuta waya aliuliza: "Na kiangazi kikiwa kibaya zaidi?" Nikamjibu kwamba basi bibi atakosa kabla yako. Akamtazama bibi. Bibi akasema sawa.

Maombi ya kibali yalipelekwa, na kazi ilingoja hadi kilipopatikana. Zege la mwanzo nililivunja kwa mikono yangu.

Chemba mpya iko chini ya ile ya zamani kwa mita 4, kwa hiyo kimo kikawa 61, na msuguano wa bomba la milimita 32 kwa urefu wa mita 270 na ushee uliongeza mita tatu na kitu. Pampu ileile iliyamudu. Bomba la PN10 tuliliongeza hadi mita 160. Kontrola, kile kisanduku kinachoipa pampu umeme, tuliibadilisha kwa nyingine inayopokea sola na umeme wa nyumbani pia. Ukungu ukikaa, mkwe anawasha swichi jikoni kwa saa moja. Juu liliongezwa tangi la lita 5,000. Tuliweka pia gata, mfereji wa kukinga maji ya paa, upande wa mbele wa nyumba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, na paa lile lina mita za mraba 90, lakini mvua hiyo huja wakati chemchemi nayo imejaa, kwa hiyo sikulipa uzito mkubwa. Wanafulia.

Matokeo

Kipupwe kilichofuata kilipita bila dumu kupanda. Mkwe aliwasha umeme siku sita tu. Oktoba, ndoo ilijaa tena kwa dakika nne na sekunde chache, na chemba ya watu ilikuwa imejaa kila alfajiri. Asubuhi chemba mpya ilikutwa na lita 2,000 na zaidi, pampu ikazipandisha kabla ya saa saba, ikatulia. Maji ya kunywa bado wanachemsha, kwa ushauri wangu: ng'ombe hupita juu ya chemchemi, na tangi jeusi huzuia mwani lakini haliui vijidudu.

Kilichofaa na kisichofaa

Geji ya presha kwenye bomba lililojazwa maji ndiyo iliyookoa mradi. Ni kifaa cha bei ndogo, hakibishani, na kilitupa kimo na kosa la bomba kwa mara moja. Kuchanganya PN10 chini na PN6 juu ningekurudia popote penye mteremko. Kuweka paneli juu kulikuwa sawa kwa wezi na kwa kivuli, kukawa vibaya kwa ukungu. Sina hakika bonde lingekuwa bora, kwa sababu ukungu hushuka huko pia.

Kuzama kwangu kwenye pampu ndiko kulikoniponza. Pampu mbili zilikuwa zimeshindwa kabla yangu, nikaja nikiwa na hamu ya kuonyesha ile inayoweza, na iliweza mno. Pampu inayozidi chemchemi haina faida, kwa kuwa inamaliza kwa saa moja kilichokusanywa kwa saa tatu. Ningekuwa na pampu ya lita 400 kwa saa Oktoba ile, huenda ugomvi ungechelewa mwaka mmoja, usingekwisha.

Kipimo cha Novemba kilikuwa sahihi na hakikufaa. Bibi alinipa kipimo cha Oktoba kwa maneno yake, nami nilikuwa nasubiri namba. Ningemuuliza tu, "Mwezi wa kumi dumu moja mnalingoja kwa muda gani?" angenijibu kwa dakika, maana amelingoja miaka hamsini.

Tangi la lita 5,000 juu lilizidi. Nililihesabu kwa siku tisa za ukungu: matangi mawili, lita 7,000, yakitumika 800 kwa siku bila pampu kuongeza chochote, yanafika siku ya nane na kitu. Hesabu ni nzuri, ila kontrola ya njia mbili ilikuwa imeshalimaliza tatizo lilelile kwa nusu uniti kwa siku. Kijana alilipia dawa mbili za ugonjwa mmoja. Kama ningeanza upya leo, ningefunga umeme wa nyumbani kwanza na sola ningeiacha ije baadaye, au isije. Fedha ya tangi kubwa ningeiweka kwenye chemba ya chini, siku ya kwanza, kabla hata ya pampu.

Lililobaki wazi

Majirani sasa wanaomba koki moja juu, karibu na nyumba ya bibi, wapunguziwe mteremko. Bibi ameshakubali. Kaya kumi kwa madumu kumi kila moja ni lita 2,000 kwa siku. Pamoja na za bibi ni 3,100. Oktoba chemchemi hutoa 7,200 kwa siku nzima, na wakitekea juu hawatazichota tena chini, kwa hiyo maji yapo. Pampu itahitaji saa tatu na kidogo, na jua la Oktoba linazitoa. Julai haitoi. Siku ya ukungu ni uniti moja na nusu hivi, na LUKU iko kwa jina la bibi. Mwenyekiti anasema zichangwe. Bibi anasema hataki kushika fedha za majirani. Kikao kimeahirishwa mara mbili.